Mwavuli wa Safu ya Kwanza

Kwa miaka kumi na moja mama yangu, Ersilia, hakunipumzisha kuhusu safu ya kwanza ya miavuli ufuoni. "Kutoka hapa safu ya nne naona nini, Fiorenza? Migongo ya watu! Nitakufa sijaiona bahari, nami nimezaliwa nayo mlangoni."

Kwetu safu ya kwanza hainunuliwi. Mwenye mwavuli wa mbele huwarithisha wanawe kama shamba, na sisi wengine tunasubiri ukoo uchoke. Nevio, msimamizi wa ufuo, ana daftari la wanaosubiri. Kila Mei nilimpelekea mkate wa mafuta na vitunguu, nikitabasamu hadi mashavu yaume.

"Vuta subira, dada," aliniambia kila mwaka, huku anatafuna.

Subira huvuta heri, wanasema. Mimi ilinivutia maumivu ya mgongo, maana kiti cha mama, mto wake na redio yake nilibeba mimi, na mama mwenyewe nilimshika mkono hatua kwa hatua. Miguu yake haiziwezi tena kokoto.

Mwaka huu mzee Gualtiero wa mwavuli namba tisa alifariki, na wanawe wanaishi Ujerumani. Nevio akanipigia simu. "Safu ya kwanza, miguu majini! Lakini ukihamia, ule wa safu ya nne unachukuliwa siku hiyohiyo. Kuna familia kutoka mji wa Torino inausubiri."

Nilikubali kabla hajamaliza. Nililia kwa furaha, nakiri.

Siku ya kwanza nikamkalisha mama mbele kabisa. Bahari yote yake, bila mgongo hata mmoja. Akaitazama dakika tano, labda sita.

"Huku kimya mno," akasema. "Nigeuzie kiti."

"Mama, jua litakupiga usoni!"

"Nigeuze, niwaone."

Nikamgeuza. Akaipa bahari kisogo, akatazama safu ya nne, walikobaki shoga zake Wanda na Pierina. Zamani, kabla wawili hawajafariki, walikuwa watano pale, wakiwasengenya watu tangu asubuhi. Sasa mahali pa mama palikuwa na watoto wa Torino na mpira wao.

"Kamwambie Nevio aturudishe."

"Haiwezekani! Miaka kumi na moja, mama! Si wewe uliyekuwa ukiililia bahari?"

"Usinifokee. Wanda analalamikia goti lake, Pierina mkwewe. Na mimi ulitaka nilalamikie nini?"

Nilitamani kuutupa mwavuli majini, pamoja na mto na redio. Mama akajiinua kidogo kitini, akapaza sauti kupita vichwa vya safu mbili nzima.

"Wanda! Goti linaendeleaje?"

Kule nyuma Wanda akaweka kiganja sikioni. Hakusikia. Mama akarudia, sauti ikamkatikia njiani, kisha akanitazama mimi.

Nikavaa ndala, nikazipanda kokoto za moto kwenda kuuliza habari za goti.