Farasi wa Mfalme Shambani kwa Romasha

Miezi kumi Dabhiti alikuwa akifuata mkia wa farasi. Yeye, nahodha wa askari mia nne! Amri ilikuwa moja: farasi asizuiwe, asiswagwe, aende apendako. Ardhi atakayoikanyaga bila kupingwa ni ya mfalme. Atakayempinga ni adui, auawe. Mwaka ukitimia farasi atarudishwa achinjwe sadaka, na mfalme awe mkubwa wa wafalme wote.

Dunia yote hii, mnyama yule akaona aje kijijini kwa kina Dabhiti, aingie kwenye shayiri ya mama yake, siku tano tu kabla ya kuvunwa.

"Mtoe!" alifoka Romasha. Alikuwa mjane, na shamba lake ndilo hilo hilo.

"Siwezi, mama."

"Huwezi? Wanaume mia nne na mikuki yenu, mmeshindwa na farasi mmoja?"

"Haswagwi. Ni mwiko."

"Basi mletee jike, utaona atakavyotoka mbio."

"Majike ndio mwiko kabisa. Sadaka itaharibika."

"Lo! Kwa hiyo kila kitu mwiko, isipokuwa kula shayiri yangu?"

Askari wakacheka. Dabhiti akawakaripia, ingawa alijua mama amesema kweli, na hilo ndilo lililomchoma.

Siku mbili farasi alikula, akalala juu ya shayiri, akaamka akala tena. Dabhiti akamwomba kila mungu aliyemjua amwondoe. Wapi! Alimchukia mnyama yule kuliko adui yeyote aliyewahi kupigana naye.

Siku ya tatu Romasha akashika fimbo ya ng'ombe, akaingia shambani. Askari wakavuta pinde. Dabhiti akaruka katikati, akamwelekezea mama yake mkuki, maana asingemzuia yeye, wangemzuia wao kwa mishale.

"Utanichoma, Dabhiti?"

Alitaka kusema hapana. Askari mia nne walikuwa wakisikiliza. Hakuushusha mkuki.

Romasha akaitupa fimbo, akarudi kukaa kizingitini.

Alasiri farasi akainua kichwa, akatoka shambani, akashika njia ya mashariki. Nyuma yake hapakuwa na suke lililosimama. Askari wakaanza kumfuata. Dabhiti, ambaye hata ndani ya nyumba hakuwa ameingia, akaenda mlangoni.

"Mama, nikirudi nita..."

"Mfuate, baba, asije akakupotea," alisema Romasha bila kumtazama. "Yeye ameshiba. Wewe humu sina tena cha kukulisha."