Maji Mbele ya Geti la Mpole

Mtaani walimwita Mpole, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alikuwa mtu wa kusimamisha gari ili kizee avuke, mtu wa kujibu salamu za watoto mmoja mmoja, mtu wa kuonekana mbele kwenye kila msiba na mikono yake imeshika jeneza. Ungemwambia jirani yeyote kwamba Mpole anapiga, angekushika paji la uso aone kama una homa. Lakini siri ya mtungi aijuaye kata. Kata ya nyumba ile ilikuwa mkewe, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa ameteleza bafuni mara nyingi kuliko sabuni.

Aliyeyakataa maelezo hayo alikuwa mmoja tu, mdogo wake wa tumbo moja. Mdogo mtu alikuwa muuza maji ya kunywa, yale ya madumu makubwa yanayopelekwa majumbani na maofisini, na alikuwa na mabega ya kazi hiyo na mdomo wake pia. Kila alipopeleka dumu kwa dada yake alimsihi aondoke. Mtoto wao wa pekee alikuwa shule ya bweni, kwa hiyo cha kumfunga pale hakikuwapo, ila kufuli la geti, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa Mpole. Aliporudi kutoka kazini alifunga, alipotoka alifunga, na mdogo mtu mwenyewe alifunguliwa jioni tu, mwenye nyumba akiwepo, akitabasamu, akimwita shemeji.

Siku moja dada mtu alimjibu kwa sauti ya chini, akiwa anaosha vyombo ili maji yafunike maneno.

"Nikitoka peke yangu atanifuata, na mtaa mzima utamsaidia kunirudisha. Si wanampenda? Mimi nitatoka siku kukiwa na watu, mchana, na yeye akitaka kuonekana mwema."

Mdogo mtu alilishika neno hilo. Haukupita muda mrefu, kamati ya watu wa mjini ikaanza kuandaa mbio na matembezi ya kupinga ukatili wa majumbani, na fedha zitakazopatikana ziende kwenye nyumba ya hifadhi kwa wanawake wanaokimbia vipigo. Mwenyekiti alikuwa mkunga mstaafu, mama mnene mwenye sauti ya kuita mtoto atoke tumboni. Mdogo mtu akajitolea maji ya bure kwa wote, na kwa kuwa anayetoa bure haulizwi sana, akaomba njia ipite mtaa wa nyuma, na kituo cha maji kiwe pale penye kivuli, mkabala na geti moja la buluu. Wajumbe walisema barabara ile ina mashimo. Akasema wakimbiaji watajua pa kukanyaga. Mwenyekiti alimvuta pembeni akamuuliza kulikoni, naye akajibu kwamba ana mtu wake, hawezi kumtaja. Mkunga hakuchimba zaidi. Alimwambia kitanda kipo kwenye nyumba ya hifadhi.

Ikabaki fulana. Kamati ilitaka neno moja, kubwa, la kusomeka toka mbali, na baada ya mabishano ya jioni mbili wakachapisha NATEMBEA, kifuani na mgongoni, na chini yake kwa herufi ndogo, ili kila nyumba iwe salama. Hakuna aliyeona tatizo. Mdogo mtu naye hakuona. Alichukua moja, akaikunja ndani ya mfuko wa kubebea dumu, akaipeleka.

Dada mtu aliikunjua jikoni, Mpole akiwa sebuleni, akaisoma, akakaa kwenye kigoda. Kwanza alicheka, cheko baya la puani, kisha machozi yakamtoka bila kubadilisha uso.

"Unajua napigwa kwa neno gani nyumba hii?" alinong'ona. "Akinituma dukani nikachelewa, natembea. Nikimjibu muuza mboga salamu, natembea. Alipokwenda kunichukua kliniki akakuta nimekaa karibu na mwanamume kwenye benchi, alinipiga mpaka nikakiri kwamba natembea, nikakiri, na sijawahi. Sasa wewe unataka nitoke nimeliandika kifuani."

Mdogo mtu alisimama na dumu tupu mkononi kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Neno analolijua kila mtu, tangu utotoni wanawacheka kwalo wanawake wa mtaani, fulani anatembea na fulani, na kamati nzima ya watu wenye akili zao ilikuwa imelifikiria kwa miguu tu. Aliomba radhi. Dada mtu akamrudishia fulana, akasema hatatoka, asimsubiri.

Alisubiri hata hivyo. Asubuhi ya siku yenyewe alipanga meza yake mkabala na geti la buluu, madumu chini, vikombe vya karatasi juu. Wakimbiaji walipita kwanza, vijana wembamba wasiotaka hata maji, na nyuma yao mchinjaji wa sokoni, tumbo mbele, ambaye alikuwa ameapa atakimbia na sasa alikuwa anatafuta heshima ya kutembea. Watu walimwambia nyama nzito haikimbii. Akakubali, akakaa kivulini kuwasubiri watembeaji.

Geti lilikuwa wazi nusu. Mpole alikuwa ameweka kiti langoni, amevaa shati la kunyooshwa, anampungia kila apitaye. Mkewe hakuonekana. Mdogo mtu alimwamkia, naye akaitikia, na moyoni alimchukia kwa chuki safi kabisa, isiyo na hata chembe ya aibu.

Watembeaji walifika wakiimba, umati wa kuziba barabara. Walipoanza kunywa, Mpole aliinuka akaja kusaidia kugawa vikombe, na Mwenyekiti, asiyejua mtu anayesubiriwa ni wa nyumba ipi, akashika kipaza sauti akamshukuru mbele ya wote. Akasema wanaume kama ndugu huyu ndio wanaotakiwa. Wakampigia makofi. Mpole aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, na sifa zikampanda usoni mpaka masikio yakang'aa. Mdogo mtu aliiona ile hali, akakumbuka kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa mguu alilisukuma boksi la vikombe chini ya meza, akavuta kitambaa kikalifunika, kisha akatangaza kwa huzuni kubwa kwamba vikombe vimekwisha, na watu wengi bado wana kiu.

"Haiwezekani watu wakose maji mbele ya nyumba yangu," alisema Mpole kwa sauti ya kusikika. Akageukia geti. "Mke wangu, leta glasi. Leta zote."

Dada mtu alitoka na sinia. Alikuwa na gauni la nyumbani la mikono mirefu, na malapa miguuni. Jua lilimchoma macho akayafumba kidogo. Watu walizichukua glasi, wakanywa, wakazirudisha, wakamwita mama, wakamshukuru. Mdogo mtu hakumgusa. Alikuwa amepanga maneno mengi wiki nzima, na sasa yalibaki mawili.

"Dada, twende."

Ngoma ya mbele ikaanza tena na watu wakaanza kusogea. Dada mtu aliitazama sinia iliyojaa glasi zilizotumika. Kisha akamkabidhi mumewe, kwa adabu, kama anavyokabidhiwa mgeni rasmi zawadi. Mpole akaipokea, kwa kuwa watu walikuwa wanatazama, na ilikuwa nzito, ikamtaka mikono yote miwili.

"Unakwenda wapi?" aliuliza, tabasamu likiwa bado liko mahali pake.

"Naenda na watu."

Akaingia katikati ya umati. Mdogo mtu aliacha meza, madumu na kila kitu, akamfuata. Hakugeuka mpaka walipokaribia kona, na alipogeuka alimwona shemeji yake bado amesimama katikati ya barabara, hajathubutu kuiweka sinia chini, jirani mmoja akimsifu kwa ukarimu wake.

Walitembea na umati. Malapa yalimpiga dada mtu visigino, na mwendo wake ulikuwa wa mtu aliyesahau barabara ni ndefu kiasi gani. Mbele yao alitangulia mchinjaji, jasho limeigandisha fulana mwilini, neno lile limetanda mgongoni pake pana. Dada mtu alilisoma njia nzima. Karibu na uwanja wa mwisho akamwinamia mdogo wake sikioni.

"Na huyu naye anatembea? Mkewe anajua?"

Walicheka mpaka wakashikana mikono wasianguke, na mdogo mtu alimshika mahali pabaya juu ya kiwiko, akamhisi akijikunja. Kicheko kikaisha hapo hapo.

Uwanjani kulikuwa na hema la huduma ya kwanza. Muuguzi aliyekuwa zamuni aliona yale malapa, akamkalisha dada mtu kwenye kiti, akauchukua mguu wake mapajani kama alivyofanya kwa wengine waliochubuka, akamuuliza panauma wapi.

Dada mtu alimtazama. Halafu akaanza kukunja mkono wa gauni, polepole, mpaka juu ya kiwiko, kisha akakunja na wa pili. Muuguzi aliushusha mguu. Hakuuliza kama ameteleza. Aliuliza ni nani.

"Mume wangu. Ananipiga."

"Tangu lini?"

"Mara ya kwanza mdogo wangu huyu alikuwa amekuja kutusalimia, tulikuwa wageni kwenye ile nyumba. Alilala sebuleni. Mume wangu alifungua redio kwa sauti kubwa."

Mdogo mtu alikuwa amesimama mlangoni mwa hema. Aliikumbuka ile redio. Aliikumbuka vizuri, kwa sababu zilikuwa zinapigwa nyimbo alizozipenda, na asubuhi yake, wakati wa chai, alimshukuru shemeji.