Mstari wa Nje

Hakuwa na viatu vya kisigino, wala sauti ya kubembeleza, wala binamu katika ofisi yoyote yenye kiyoyozi. Hakuwa na kadi za kugawa, na subira nayo ilimpitia mbali. Alichokuwa nacho ni kompyuta iliyong'oka kitufe kimoja, na mjomba aliyemlea, fundi wa makochi, ambaye alimtengea kona ya karakana yake akamwambia atafute wateja.

Wateja walikuwa wameadimika. Mjomba alishasema kwamba kazi kubwa isipopatikana kabla mwezi haujaisha, atamrudishia mwenye nyumba funguo za karakana, aende kiwandani kushona viti vya magari na kuamriwa lini ale na lini apumue. Aliyasema hayo huku amebana misumari midogo mdomoni, kama kawaida yake, na mpwa wake akajifanya hakusikia vizuri.

Basi akaandika barua pepe kwa shule, zahanati na ofisi. Mwanzoni kile kichwa cha barua, yaani mstari unaoonekana kabla mtu hajafungua, alikijaza herufi kubwa na alama za mshangao, OFA KABAMBE YA VITI, na hakuna aliyeifungua. Kisha akaokota ujanja mtandaoni. Akaandika: "Kuhusu mazungumzo yetu ya jana." Hapo kompyuta ikamwonyesha kwamba watu wamefungua. Alifurahi mpaka chai ikampoa.

Jibu lilikuja moja tu, kutoka kwa msimamizi wa zahanati ambako yeye na Mjomba walikuwa wamekwenda kupima macho. Mama huyo aliandika kwamba jana alikuwa kitandani na homa, hakuzungumza na mtu yeyote, na asiandikiwe tena. Mpwa alipojaribu kumwomba radhi, barua ikarudi. Alikuwa amefungiwa mlango.

Na zahanati ile ndiyo aliyoitamani kuliko zote. Siku ile ya kupima macho alikaa kwenye viti vyao vya kusubiri asubuhi nzima, akahisi mbao zikimgusa kupitia sponji iliyochoka. Kazi ya chumba kizima, inayotosha kuwavusha.

Alimweleza Mjomba yote, hata ule uongo. Mjomba akatema misumari kiganjani, akacheka kwanza.

"Yaani umegonga mlango wa watu ukakimbia, kama mtoto mtundu."

"Mjomba, walifungua."

"Walifungua, ndiyo. Halafu wakakuta nini?"

Hakungoja jibu. Alikuwa anabandua kitambaa cha kochi kuukuu alilolitengeneza mwenyewe zamani, akamwita aje achungulie. Kwenye ubao wa ndani palikuwa na maandishi ya penseli, kwa mwandiko wa Mjomba: *Springi ya kati ni ya kuazima. Anzia hapa.* Hakuna kochi alilolifunga bila kuandika hivyo, kila kasoro aliyoiacha na mahali ilipo. Mpwa wake alikuwa ameyaona maandishi hayo tangu utotoni, akadhani ni vipimo.

"Nani anasoma huko ndani?"

"Atakayefungua. Simjui, lakini ni fundi mwenzangu. Sitaki anitukane nikiwa sipo."

"Wewe unaandika ndani, wakati ameshafungua. Mimi nikiweka ukweli huko nje, hawatafungua kabisa."

"Asifungue," Mjomba alisema, akirudisha misumari mdomoni. "Ila kama hafungui, asifungue akijua kilichomo."

Neno hilo lilimkaa moyoni. Kwa kuwa kompyuta haikumfikisha tena kwa yule mama, alichukua karatasi. Barua yenyewe haikumsumbua: akaeleza viti, sponji, vitambaa vinavyopanguswa kwa maji, na siku ambazo kazi ingechukua bila wagonjwa kusimama. Kilichomtesa ni uso wa bahasha. Aliandika "Muhimu", akachana. Akaandika "Kwa faida yako", akaona aibu, akachana. Mwishoni akajiuliza yule mama mwenye homa angependa kujua nini kabla hajapasua bahasha, akaandika polepole:

*Viti vyenu vya kusubiri vimebaki mbao. Nimevikalia. Kutoka kwa yule aliyekudanganya kwamba mlizungumza naye.*

Mjomba alisoma akiwa ameinyoosha bahasha mbali na macho. Alisoma tena. Funguo za karakana zilikuwa zinaning'inia kwenye msumari mbele yake, naye akazitazama kidogo.

"Mwanangu, huo mwanzo ni mzuri sana. Hiyo sentensi ya mwisho si ungeiweka ndani? Akiiona hapo ataitupa."

"Asifungue akijua, Mjomba."

Mzee akazungusha msumari mmoja kwa ulimi, kutoka shavu hili hadi lile. Kisha akanyoosha mkono rafuni, akashusha kopo la gundi ya makochi na brashi yake ndogo, maana bahasha ilikuwa ya zamani na gundi yake ilishakauka. Akapaka ukingo mwenyewe, kwa uangalifu uleule wa kupaka sponji, akakunja, akakandamiza kwa kidole gumba mpaka ikashika.

Mpwa wake alikwenda nayo posta kwa miguu. Dirishani karani aliipindua, akasoma maandishi ya nje, akamtazama usoni, akasoma tena. Halafu akagonga muhuri na kuitumbukiza kwenye gunia pamoja na nyingine.