Kabati la Ghorofa ya Tatu

Kabati lilikuwa la mbao ngumu, milango mitatu, na ngazi za kwa mteja zilikuwa nyembamba. Walilibeba wanaume wanne wa karakana ya samani: dereva na fundi makochi wakivuta kwa juu, fundi vanishi na shemeji yake, mume wa dada yake, wakisukuma kwa chini.

Fundi vanishi aliegemeza bega tu, basi. Tuko wanne, aliwaza, nisipokaza nani atajua? Hata pumzi ya kutania alikuwa nayo. "Shemeji, leo dada atakukanda mgongo!"

Shemeji alizidi kusukuma, akihema. Kwenye kona ya ghorofa ya pili kabati liliteleza, likamshukia yeye. Nyonga ikavunjika.

Hospitalini, dada mtu alimshika kaka yake mkono. "Afadhali ulikuwepo, kaka. Bila wewe lingemuua."

Tangu hapo, dada akipiga simu kushukuru, fundi vanishi anasingizia mtandao mbovu, anakata.

Mwishowe alienda wodini peke yake, akavuta kiti.

"Shemeji, nisamehe. Siku ile sikubeba. Nilishika tu."

Mgonjwa alimkodolea macho. "Na wewe pia?"

"Pia vipi?"

"Dereva alikuja juzi, analia. Eti alilegeza akijua nyie wengine mmeshikilia. Leo asubuhi kaja fundi makochi, hadithi ile ile." Akaanza kucheka, maumivu yakamkatisha. "Kumbe lile kabati nililibeba peke yangu!"

Fundi vanishi alitaka kucheka naye, uso ukagoma.

"Dada yako usimwambie," shemeji alisema taratibu. "Mimi nimeshasamehe. Yeye sijui."

Fundi vanishi alimwambia jioni ile ile. Dada alimsikiliza mpaka mwisho huku akikunja nguo za mumewe. "Haya," alisema, akachukua shati jingine. Hakumkaribisha kukaa.

Wiki iliyofuata walipeleka meza kubwa ya kulia, sasa wakiwa watatu. Hakuna aliyeongea. Wote walikaza, na meza ikapanda upesi mpaka mwenye meza akashangaa, akawasifu. Dereva aliinamisha kichwa. Fundi makochi aligeukia ukuta, akajifanya anafuta jasho. Fundi vanishi alikaa kwenye ngazi, akitazama mikono yake miwili mizima, na walipomwita waondoke hakuinuka mara moja.