Moshi wa Mkono Mgeni

Je, wewe ukinusa kopo la maziwa, unaweza kujua limefukizwa na nani? Iftin aliweza. Pale sokoni Wajir, jua likiwa bado changa juu ya mabati, alifungua mfuniko, akainamisha uso, akanusa. Kisha akafunga taratibu, kama mtu aliyechungulia chumba kisicho chake.

"Yamechacha?" aliuliza Muslimo, rafiki yake, aliyeuza maziwa ya ngamia pamoja naye kwenye mkeka mmoja.

"Hayajachacha. Ni moshi uleule tena."

Ngoja nikueleze, maana asiyeishi na ngamia hajui mambo haya. Kabla ya kumimina maziwa, mwanamke hutia kijinga cha moto ndani ya kopo la bati, akalifunika, akalitikisa, halafu akakitoa na kupangusa majivu kwa kitambaa safi. Moshi huo ndio unaoyatunza maziwa njiani. Na kila mwanamke ana mti wake na mkono wake. Maziwa aliyouza Iftin yalitoka kwa Hooyo Osob, mama mfugaji wa upande wa Tarbaj, na yalikuja kwa pikapu kila asubuhi. Moshi wa Hooyo Osob ulikuwa mwepesi, mtamu kidogo, na wateja waliufuata huo. Lakini tangu mwezi uandame, moshi ulikuwa mzito, wa mtu mwenye papara, na chini ya kopo mlibaki punje za mkaa.

Hooyo Osob hakuwa na binti. Alikuwa na mwana mmoja, Kadar. Mkono mgeni ukiingia nyumba ya namna hiyo, watu hawaulizi. Mwana ameoa.

Msimu wa mvua uliopita Iftin alikaa kwa Hooyo Osob siku chache. Alimwona Kadar akikamua amesimama kwa mguu mmoja, kopo juu ya goti, akamwambia amefanana na korongo. Kadar akacheka hadi maziwa yakamwagika, na mama yake akamgombeza. Kadar hakusema neno la maana, lakini macho yake hayakutulia. Iftin aliporudi mjini alingoja wazee wa kina Kadar waje kumposa. Hawakuja. Waliokuja ni wazee wa Warsame, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mpole asiye na kasoro ya kutajwa.

Asubuhi hiyo, juu ya chai, baba yake alikuwa amemuuliza: "Binti yangu, wazee wanarudi leo. Alasiri tunafunga neno. Niwaambie nini?"

Iftin alitazama kikombe. Akanyamaza. Na kwao msichana akinyamaza amekubali. Baba alisema alhamdulillahi, akaenda zake akitabasamu.

Sasa Dubow, dereva wa pikapu, alikuwa akikusanya makopo matupu. Iftin akajikaza.

"Dubow, mke wa Kadar hajambo?"

Dubow alicheka hadi akashika mlango wa gari. "Mke? Wallahi, mke huyo ana ndevu." Papo hapo akajiziba mdomo. "Mimi sijasema kitu, abaayo, dada yangu. Nimeapishwa."

"Umeapishwa na nani?"

"Panda gari ukaone mwenyewe. Ulimi wangu umeshaniponza."

Muslimo aliuvuta mkeka upande wake. "Nenda. Nitakuuzia. Ukibaki hapa na uso huo utawafukuza hata wateja wangu."

Iftin akapanda, katikati ya wanawake wawili waliokuwa wakirudi malishoni. Njia nzima vumbi liliwafuata. Moyo wake ulikuwa ukitaka kuamini kitu ambacho aliogopa kukiamini.

Walimkuta Kadar nyuma ya nyumba ya mikeka, amepiga magoti, macho mekundu, nyusi zimeungua ncha. Mkononi ana kijinga, mapajani ana kopo. Alipomwona alitaka kulificha nyuma yake, moshi ukamtoka mabegani.

"Dubow, laana yako," alisema kwa sauti ndogo.

Kutoka ndani Hooyo Osob aliita. "Ni nani? Kama ni Iftin, aingie. Mimi siinuki. Ngamia alinibana kwenye zizi, mkono umevunjika." Iftin aliingia; mkono wa mama ulikuwa umefungwa kwa vijiti na kitambaa. "Nilimwambia mwanangu aache maziwa, hii si kazi ya mwanamume, vijana watamcheka. Akasema Iftin atapoteza wateja."

Iftin alirudi nje. Kadar alikuwa bado amepiga magoti.

"Nilidhani umeoa," alimwambia.

"Nani angeolewa na mimi? Ukame ulitumaliza. Nilikuwa nangoja ngamia wazae. Nije kwa baba yako na nini, na fimbo?"

"Leo alasiri wanafunga neno na watu wa Warsame."

Kijinga kilimwanguka. "Umekubali?"

"Nilinyamaza."

"Kwa nini?"

"Nilimnusa mke wako."

Ndani, Hooyo Osob aliangua kicheko, kisha akalia kwa maumivu ya mkono.

Iftin alitoa simu. "Chini haishiki," alisema Dubow. "Panda juu ya pikapu."

Akapanda juu, mbele ya wale wanawake wawili na mbuzi wao. Upepo ulimvuta shungi. Akapiga namba ya baba yake.

"Iftin? Uko wapi, mama? Wazee wameanza kuingia."

Nyuma ya sauti ya baba yake alisikia vikombe vikiwekwa kwenye sinia, na mzee mmoja akikohoa. Chini, Kadar alisimama, uso juu, majivu kwenye ndevu zake.

"Aabo, asubuhi sikukujibu. Nakujibu sasa. Warsame sina ubaya naye, ila simtaki. Mimi namtaka Kadar, mwana wa Hooyo Osob."