Kadi ya Gemu na Tuta la Puge

Asnath, mhandisi wa maji pale Tabora mjini, aliogopa jibu la kompyuta, akaisingizia kadi ya picha iliyo ndani yake, ile inayoisaidia kupiga hesabu. Wiki nzima alikuwa akiiingizia vipimo vya lambo la Puge, mvua na udongo, aone kama tuta lake litastahimili. Kompyuta ikajibu kwamba lambo likijaa, tuta litakatika ubavuni. Chini ya ubavu huo waliishi wazazi wake na ng'ombe wao.

"Hii ni kadi ya gemu," alimwambia Uwesu, fundi wa kompyuta. "Ni ya vijana kupigana na mazimwi. Inakimbilia picha nzuri, hesabu inakisia. Nitafutie ile ya kazi, inayojisahihisha ikikosea."

"Dada, ya kazi nayo si malaika. Kwa hesabu zako hizi, ya gemu inatosha."

"Wewe tafuta."

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mwenye hofu hata akiambiwa hufumba. Baba yake, mzee Masanja, alipopiga simu kuuliza kama tuta litashika, alijibiwa kuwa mashine ina hitilafu, asubiri kadi nzuri. Kadi ikaagizwa Dar, ikakawia. Mvua haikuagizwa, nayo ikaja.

Siku Uwesu alipoipachika, bati lilikuwa likipigwa na mvua tangu alfajiri. Asnath alikaa akiomba kimoyomoyo jibu libadilike. Kadi ikasaga hesabu mpaka chai yake ikapoa. Jibu likatoka: ubavu uleule, palepale. Asnath hakuwa ametafuta ukweli hata kidogo. Alitafuta kadi ya kumkanushia.

Akapiga simu. "Baba, tokeni! Tuta linakatika, tokeni sasa hivi!"

"Kadi nzuri imekuja?"

"Imekuja. Imesema kama ile ya kwanza."

Asnath aliogopa swali linalofuata: mbona basi ulituacha tukae? Mzee hakuliuliza.

"Mimi kadi zako sizijui," alisema Masanja. "Lakini tangu uanze kusema, hujawahi kunisemesha bila kuniamkia."

Kisha akapaza sauti mbali na simu: "Mama Asnath! Acha vyombo! Fungua zizi, tupande juu!"

Simu ilitupwa mahali, ikabaki wazi. Asnath alisikia kengele za ng'ombe zikienda mbio, na nyuma yao mngurumo wa maji.

"Shikamoo, baba," alisema.

Hakuna aliyemwitikia.