Busu Tulilifunika

Kulipopambazuka, Peniamina alikuwa amepiga magoti juu ya kokoto mbele ya nyumba ya Bibi Sieni, amejifunika gubigubi mkeka mwororo wa ukoo, ule unaotolewa kwa harusi, kwa msiba na kwa aibu. Leo ulitolewa kwa aibu. Nyuma yake mkewe na kaka zake wawili walikuwa wameinamisha vichwa, mbele yao mawe ya tanuri na kuni, ndiyo kusema: tupikeni mkitaka.

Mchuma janga hula na wa kwao. Aliyelichuma ni Masina, bintiye wa miaka saba, na aliyeumia ni Ioelu, mjukuu wa Bibi Sieni, aliyelazwa hospitalini mjini Apia, siku ya pili sasa hajafumbua macho. Walikuwa wakicheza. Masina alimpiga kisogoni kwa kipande cha kuni, akamkalia kifuani, akatamba maneno ya jambazi mmoja wa filamu bila kukosea hata moja, watoto wenziwe wakashangilia.

Maneno hayo Peniamina aliyajua. Televisheni ilikuwa yake, kubwa, zawadi ya dada yake mmoja aliye Auckland, na kila jioni baada ya sala watoto wa jirani walijazana sebuleni kwake. Naye ni shemasi, mtu wa heshima zake! Mwanamume na mwanamke wakikaribiana midomo, upesi alimziba Masina macho kwa kiganja. Shingo zilipokatwa, aliuondoa mkono akaendelea kutafuna shelisheli. Mkewe alimwambia siku moja kwamba mtoto anaweweseka usingizini. "Aa, mchezo tu huo," alimjibu. "Damu yenyewe rangi."

Mkeka ukatikisika. Kichwa kidogo kikapenya chini yake.

"We Masina! Si nilikwambia ukae na shangazi?"

"Nimemtoroka. Baba, unajificha nini?"

"Sijifichi. Naomba msamaha."

"Wa nini?"

"Wa Ioelu."

"Kwani si ataamka?" Masina alinong'ona. "Yule mwenye kovu walimpiga nyundo akafa kabisa. Halafu Jumamosi nikamwona kwenye filamu nyingine, anakula. Na mimi nimempiga Ioelu palepale alipopigwa yule, ili asiumie."

Tangu juzi Peniamina alikuwa akimwita mtoto huyu jiwe, kwa kuwa hakudondosha hata chozi. Kumbe hakuwa jiwe. Alikuwa akimsubiri mwenziwe aamke. Peniamina alimwonea huruma bintiye, na nafsi yake akaichukia.

Nyayo zilikuja polepole juu ya kokoto. Mkeka ukainuliwa, na Bibi Sieni, macho mekundu kwa kukesha, akakuta vichwa viwili mahali pa kimoja.

"Na huyu?"

"Bibi, Ioelu kaamka?" Masina akawahi.

"Bado."

"Ataamka lini?"

Bibi Sieni alimtazama baba. Peniamina alikuwa ameandaa hotuba nzuri, yenye majina ya wazee wa koo zote mbili, na ndani yake shetani ndiye aliyebebeshwa lawama. Hotuba yote ikamkauka mdomoni.

"Masina," alisema, "yule mwenye kovu hakupigwa. Ile nyundo haikumgusa. Walikuwa wanaigiza, mimi najua, na sikukwambia. Ioelu tumempiga kweli."

"Tumempiga?"

"Mimi na wewe."

Mtoto alivitazama viganja vyake, cha kulia, kisha cha kushoto. Halafu akalia. Alilia kwa mdomo wazi, mwili mzima ukitetemeka, mpaka mama yake aliyekuwa nyuma akashindwa kuinamisha kichwa tena. Peniamina alimkumbatia.

Mila inampa mwenye nyumba mawili: awakaribishe ndani au awageuzie mgongo. Bibi Sieni hakufanya lolote kati ya hayo. Alikunja magoti yake mabovu, kwa kujikongoja, akaketi juu ya kokoto pamoja nao.

"Kila jioni mimi ndiye niliyemtuma kwako," alisema, sauti ikikwaruza. "Namwambia, nenda kwa Peniamina, kule mnatulia. Nami nipate kulala kidogo."